Tuzo ya Oscar na Ushahidi wa Mtazamaji

Kila mwaka kati ya Januari na Machi ubishi wa Oscar hurudi. Akademia ya filamu ya Marekani hutangaza filamu zilizoteuliwa kuwania tuzo hiyo, na kabla siku haijaisha watu walionunua tiketi na kukaa ukumbini huanza kutoa hukumu zao. Huyu anasema filamu aliyoipenda imeachwa. Yule anasema iliyotajwa mara nyingi ilimshinda kuimaliza. Mwingine anauliza hao wapiga kura waliangalia nini hasa. Majibu wanayopewa huwa mawili. Wataalamu huwaambia kwamba tuzo hii si ya watazamaji. Wafanyabiashara huwaambia kwamba maoni yao yameshahesabiwa, maana yamo kwenye mauzo ya tiketi. Leo nataka kuonyesha kwamba majibu yote mawili yana kasoro. Maoni ya mtazamaji yana uzito mkubwa katika kuipima filamu iliyoteuliwa, ila uzito huo hautokani na wingi wa watu wala wingi wa fedha. Unatokana na ushahidi. Mtazamaji ameiona filamu mwanzo mpaka mwisho, anaweza kueleza imemfanyia nini, na mara nyingine anaujua ulimwengu ulioonyeshwa kuliko hata aliyeutengeneza. Akademia inapomgeuza mtazamaji kuwa namba hukosea. Inapomsikiliza kama shahidi hujirekebisha.

Tuutazame kwanza utaratibu wa kura, kwa sababu lawama nyingi hupelekwa pasipohusika. Akademia ilianzishwa 1927, na leo ina wapiga kura wapatao 10,000, wote watu wa kazi ya filamu: waigizaji, waongozaji, wahariri, mafundi wa sauti, wabunifu wa mavazi, watunzi wa muziki na wengineo. Katika hatua ya uteuzi kila fani huangalia ya kwake. Waigizaji huwateua waigizaji, wahariri huwateua wahariri. Lakini tuzo kubwa kuliko zote, ya Filamu Bora, huteuliwa na kupigiwa kura na wanachama wote. Katika kura ya mwisho ya tuzo hiyo, mwanachama hatii alama kwenye filamu moja tu. Anazipanga zote kumi, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi. Kura zikihesabiwa na isipatikane filamu iliyovuka nusu, ile ya mkiani huondolewa, na karatasi za walioiweka ya kwanza huhamia kwa filamu waliyoiweka ya pili. Kazi hiyo hurudiwa mpaka moja ivuke nusu. Kwa hesabu hiyo, filamu iliyopendwa mno na kundi moja na kukataliwa na kundi jingine inaweza kushindwa na filamu ambayo wengi waliiweka ya pili au ya tatu, ingawa hawakuiona kuwa bora kuliko zote. Basi mtu anayeshangaa kwa nini filamu iliyomtikisa imepitwa na filamu ya wastani hajapungukiwa akili. Ameona jambo ambalo utaratibu wenyewe unaweza kulizaa.

Na utaratibu huo umechangiwa na malalamiko ya watazamaji. Kwa miaka mingi filamu zilizowania Filamu Bora zilikuwa 5. Mwaka 2008 ilitoka The Dark Knight ya Christopher Nolan, ikaingiza zaidi ya dola bilioni moja duniani na kusifiwa na wahakiki pia. Ilipofika wakati wa uteuzi ilipata nafasi 8, na marehemu Heath Ledger akashinda kwa uigizaji wake, lakini katika orodha ya Filamu Bora haikutajwa kabisa. Kelele zilikuwa kubwa. Katikati ya 2009 Akademia ilitangaza kwamba wateule wataongezwa hadi 10, na kura ya kupanga ikaanza kutumika katika hatua ya mwisho. Baadaye idadi ikawa inapanda na kushuka, kisha ikarudi kuwa 10 kamili kuanzia tuzo za 2022. Lakini tazama kilichotokea mara tu baada ya mlango kupanuliwa. Machi 2010 zilikutana Avatar ya James Cameron, filamu iliyokuwa imeuza kuliko filamu yoyote duniani, na The Hurt Locker ya Kathryn Bigelow, iliyoingiza dola milioni 17 hivi tu nchini Marekani. Ikashinda The Hurt Locker, na Bigelow akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya uongozaji. Watazamaji wa Avatar waliona wamepuuzwa mara ya pili. Mlango ulipanuliwa, lakini swali la thamani ya maoni yao lilibaki bila jibu, kwa sababu Akademia ilidhani kilio chao kilikuwa cha idadi ya nafasi.

Hapa ndipo wanaotetea mauzo hunukuu msemo wetu wa wengi wape. Husema kwamba tiketi ndiyo kura ya kweli, maana mtu ametoa fedha yake mfukoni, na hakuna aliyemlazimisha. Hoja hiyo ina nguvu mwanzoni, lakini ina shimo moja kubwa: tiketi hununuliwa kabla ya filamu kuonekana. Anayelipa mlangoni anatangaza matarajio yake. Amevutwa na tangazo, na jina la steringi, na sehemu ya kwanza ya mfululizo anaoupenda, au na ukweli kwamba filamu hiyo ndiyo iliyopewa kumbi nyingi wiki hiyo. Anayetoka ukumbini amechukia na anayetoka akilia kwa furaha wamehesabiwa sawasawa kwenye daftari la mauzo. Nakubali kwamba ziko nyakati ambapo mauzo huwa na ushahidi ndani yake. Titanic ilipotoka mwishoni mwa 1997 ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 15 mfululizo, na hilo haliwezi kuelezwa kwa matangazo pekee. Watu waliiona, wakarudi, wakawaambia ndugu na majirani. Lakini hata hapo kilichofanya kazi ni maneno ya aliyekwisha kuona. Mauzo yalifuata ushahidi, na yanapotenganishwa nao hubaki kuwa hesabu ya matangazo na ya viti.

Akademia haikulitambua hilo, na mara mbili ilijaribu kumnunua mtazamaji kwa hesabu. Agosti 2018, baada ya hafla ya mwaka ule kutazamwa Marekani na watu milioni 26.5 tu, ilhali usiku wa Titanic mwaka 1998 walikuwa milioni 55, Akademia ilitangaza tuzo mpya ya filamu inayopendwa na wengi. Miongoni mwa waliopinga mapema walikuwamo watazamaji wenyewe. Mwaka ule Black Panther ilikuwa imeingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na wengi waliona kwamba tuzo ya pembeni ingetumika kuituliza filamu hiyo na kuizuia isiketi meza moja na filamu nyingine. Haukupita mwezi, mpango ukaahirishwa. Januari 2019 Black Panther iliteuliwa kuwania Filamu Bora yenyewe, filamu ya kwanza ya shujaa wa katuni kufika hapo, na ikapata tuzo 3, zikiwemo za mavazi ya Ruth E. Carter na usanifu wa mandhari wa Hannah Beachler. Watazamaji walikuwa na hoja, na hoja ilishinda. Jaribio la pili lilikuwa 2022, watu walipoombwa wachague kipenzi chao kwa kura za Twitter, na mtu mmoja aliweza kupiga kura mara nyingi. Spider-Man: No Way Home, iliyouza kuliko zote za mwaka uliotangulia, haikushinda. Ilishinda Army of the Dead ya Zack Snyder, na katika tano bora ikaingia Minamata, filamu ya Johnny Depp ambayo haikuuza sana. Kilichopimwa pale ni bidii ya makundi ya mashabiki waliojipanga. Maoni ya watazamaji hayakupimwa, na hata wingi wenyewe haukupimwa.

Iko njia nyingine, na ushahidi wake uko Toronto, nchini Canada. Tamasha la filamu la mji huo halitegemei jopo la majaji kwa tuzo yake inayojulikana zaidi. Tangu 1978 mshindi huchaguliwa na watu waliohudhuria maonyesho: zamani waliacha kipande cha tiketi kwenye sanduku wakitoka, siku hizi hupiga kura mtandaoni. Tofauti na daftari la mauzo ni kwamba kura hutolewa mtu akiwa ameshaona. Matokeo yake hayana aibu. Chariots of Fire, American Beauty, Slumdog Millionaire, The King's Speech, 12 Years a Slave, Green Book na Nomadland zote zilipendwa kwanza na watazamaji wa Toronto, ndipo zikaja kuchukua Oscar ya Filamu Bora. Kwa Afrika, Hotel Rwanda ilishinda pale 2004, na mwaka uliofuata Tsotsi ya Afrika Kusini, ambayo baadaye ilitwaa Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Sisemi kwamba Toronto haikosei, na ni kweli kwamba watu wanaosafiri au kupanga foleni kwa ajili ya tamasha si picha kamili ya watazamaji wote. Nasema tu kwamba wale wanaodai mtazamaji wa kawaida hawezi kuitambua filamu nzuri mpaka aelekezwe wana kazi ngumu ya kuieleza orodha hiyo.

Pingamizi la wataalamu nalo linastahili jibu la haki. Wanasema kwamba mtazamaji hajui uhariri, hajui namna mwanga unavyopangwa, na hawezi kutenganisha sauti iliyorekodiwa mahali pa tukio na ile iliyotengenezwa studio. Ni kweli, na kwa tuzo za ufundi sina ugomvi nao. Mhariri ahukumiwe na wahariri. Lakini Filamu Bora si tuzo ya ufundi mmoja. Mbunifu wa mavazi anapopiga kura juu ya filamu nzima, anaketi kiti kile kile cha mtazamaji, anauliza maswali yale yale: imenishika, imenidanganya, nitaikumbuka? Hapo utaalamu wake humsaidia kiasi, lakini haumfanyi kuwa hakimu wa aina tofauti. Na kuna jambo zito zaidi. Aprili 2025 Akademia ilitangaza kwamba kuanzia msimu uliofuata mwanachama lazima awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa katika kundi fulani ndipo aruhusiwe kulipigia kura katika hatua ya mwisho. Sharti hilo liliwekwa baada ya miaka 96 ya kutoa tuzo. Maana yake ni kwamba kwa muda wote huo mtaalamu aliweza kuhukumu asichokiona, na hilo ni kosa ambalo mtazamaji aliyekaa ukumbini hawezi kulifanya kwa filamu anayoizungumzia. Majaji wenyewe wamewahi kujuta pia. Mwaka 2006 Crash iliishinda Brokeback Mountain. Jarida la The Hollywood Reporter lilipowauliza upya wanachama mwaka 2015, chaguo lilikuwa Brokeback Mountain, ambayo watazamaji wengi walikuwa wakiitetea tangu siku ile ya kwanza.

Tukikubali kwamba mtazamaji ni shahidi, tunaweza kuona ni lini maneno yake yamebadilisha mambo. Januari 2015 waigizaji wote 20 walioteuliwa walikuwa Wazungu. Siku walipotangazwa, April Reign, mwanamke Mmarekani Mweusi asiyekuwa mwanachama wa Akademia, aliandika Twitter maneno machache yaliyosema kwamba Oscar ni nyeupe mno, na alama yake ya reli ikaenea. Mwaka uliofuata hali ikajirudia: nafasi 20, Wazungu 20. Angalia hoja ilivyokuwa. Watu hawakusema filamu fulani iliuza zaidi, wala hawakuomba tuzo ya huruma. Walitaja kazi walizoziona kwa macho yao, kama Selma ya Ava DuVernay na Creed ya Ryan Coogler, wakauliza ni kwa kipimo gani zilipitwa na wapiga kura wa aina moja. Hoja hiyo haikujibika. Januari 2016 Akademia iliahidi kuongeza maradufu idadi ya wanachama wanawake na wa jamii zilizoachwa nje ifikapo 2020, na ikaanza kuwaalika watu wa filamu kutoka nchi nyingi zaidi. Mwaka 2017 Moonlight ilishinda Filamu Bora, na 2020 Parasite ya Korea Kusini ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuichukua tuzo hiyo. Siwezi kudai kwamba uanachama mpya peke yake ndio ulioleta ushindi huo, kwani filamu hizo zinajitosheleza. Lakini kabla ya mageuzi hayo njia yao ingekuwa nyembamba zaidi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa 2025, nao unahusu Mexico. Emilia Pérez, filamu ya muziki ya mwongozaji Mfaransa Jacques Audiard, ilipata uteuzi 13, idadi ambayo hakuna filamu isiyo ya Kiingereza iliyowahi kuifikia. Kisa chake ni cha kiongozi wa genge la dawa za kulevya nchini Mexico anayebadili jinsia na kuanza maisha mapya, kisha anawasaidia watu kuwatafuta jamaa zao waliopotea. Sehemu kubwa ilipigwa studio karibu na Paris, na miongoni mwa waigizaji wakuu Mmexico alikuwa Adriana Paz. Katika kumbi za kawaida za Mexico ilianza kuonyeshwa Januari 23, siku ile ile uteuzi ulipotangazwa. Yaani wenye nchi waliruhusiwa kusema wakati sifa zilikwishagawiwa. Waliposema, walitaja vitu mahususi. Walionyesha matamshi ya Kihispania yasiyo ya mahali popote Mexico. Walieleza kwamba nchini mwao waliosajiliwa rasmi kuwa wamepotea ni zaidi ya watu 100,000, kwamba akina mama huingia makaburini na majangwani na sepeto wakiwatafuta watoto wao, na kwamba kumfanya mhalifu awe mfariji wa familia hizo kwa nyimbo na dansi kunaumiza. Mtengenezaji kijana wa Kimexico, Camila Aurora, alijibu kwa filamu fupi ya muziki kuhusu Ufaransa, iliyojaa kofia na mikate mirefu ya Kifaransa na iliyochezwa na Wamexico, ikatazamwa na mamilioni. Waswahili tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wao walikuwa wamekilalia.

Usiku wa tuzo Emilia Pérez ilipata 2 kati ya 13. Tuzo ya filamu ya kimataifa ilikwenda kwa I'm Still Here ya Walter Salles kutoka Brazil, ambayo nayo inamhusu mtu aliyepotezwa: Rubens Paiva, mbunge wa zamani aliyechukuliwa nyumbani kwake na vyombo vya utawala wa kijeshi Januari 1971, na mkewe Eunice aliyeishi akidai ukweli. Nchini Brazil kwenyewe zaidi ya watu milioni 5 walikwenda kuiona. Mtu atasema, na kwa haki, kwamba Emilia Pérez iliangushwa pia na maandishi ya zamani ya mwigizaji wake mkuu yaliyofukuliwa mitandaoni wakati kampeni imepamba moto. Ni kweli, na sitaki kulificha. Hoja yangu haitegemei nani alishinda. Inategemea kwamba filamu mbili zilikuwa na jeraha la aina moja, na kwamba waliobeba jeraha lenyewe walitoa ushahidi unaotofautiana kabisa, nao ushahidi huo ulitufundisha juu ya filamu zote mbili kuliko hesabu ya uteuzi ilivyoweza.

Yuko atakayepinga kwamba wenyeji hutetea fahari ya taifa tu, hawataki kuonyeshwa vibaya. Lakini Wamexico hao hao waliipokea kwa mikono miwili Roma ya Alfonso Cuarón, iliyopata uteuzi 10 na tuzo 3 mwaka 2019, na Roma haiwabembelezi. Inamwonyesha mtumishi wa ndani mwenye asili ya wenyeji wa kale akibeba mzigo wa familia yenye nafasi, na inaonyesha wanafunzi wakiuawa barabarani 1971. Walichotaka ni ukweli. Fahari wangeweza kuipata pengine kwa bei nafuu. Yuko pia atakayeuliza: watazamaji wanapopingana, tumsikilize nani? Green Book ilipendwa na watu wa Toronto na ikashinda Oscar 2019, ilhali familia ya mpiga piano Don Shirley ililalamika kwamba maisha yake yamepotoshwa. Mimi naona hapa mashahidi hawagongani. Mtazamaji wa Toronto anashuhudia kwamba filamu ilimchekesha na kumgusa, na hilo analijua yeye. Familia inashuhudia juu ya mtu waliyeishi naye. Mwenye busara husikiliza kila shahidi juu ya jambo analolijua, kisha huamua ni lipi kati ya hayo lina uzito kwa filamu inayodai kusimulia maisha ya mtu halisi.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Out of Africa, iliyopigwa Kenya, ilishinda Oscar 7 mwaka 1986, Filamu Bora ikiwemo, usiku ambao The Color Purple yenye uteuzi 11 iliondoka mikono mitupu. Majaji waliona mandhari ya Ngong, muziki na uigizaji wa Meryl Streep, na vitu hivyo ni vizuri kweli. Lakini mtazamaji wa Kenya anaona zaidi. Anaona kwamba Farah, mtumishi Msomali, amechezwa na Malick Bowens wa Mali. Anaona tukio ambalo Karen Blixen anapiga magoti mbele ya gavana kuwaombea Wakikuyu ardhi, na anajiuliza kwa nini katika filamu ndefu namna ile wenye ardhi hawapewi nafasi ya kuidai kwa vinywa vyao. Swali hilo halihitaji shahada ya filamu. Linahitaji mtu anayejua ardhi ile ilikuwa ya nani. Upande wa pili iko Watu Wote, filamu fupi ya wanafunzi wa Ujerumani wakiongozwa na Katja Benrath, iliyoteuliwa 2018. Inasimulia shambulio la Desemba 2015 dhidi ya basi la Mandera, ambapo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Wahusika wanazungumza Kiswahili na Kisomali, na hofu inapita katika lugha ambazo hofu ile ilisemwa. Watengenezaji walikuwa wageni, lakini walisikiliza. Kwa hiyo ushahidi wa mwenyeji haumfungii mgeni mlango; unampa kipimo.

Lakini shahidi hawezi kusema asichoruhusiwa kukiona. Kanuni za Oscar hudai kwamba filamu inayowakilisha nchi iwe imeonyeshwa hadharani kwa siku 7 mfululizo. Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili, ilikuwa imepigwa marufuku nyumbani. Septemba mahakama ikaisimamisha marufuku kwa siku hizo 7, na Wakenya wakajaza ukumbi Nairobi. Kamati ya Kenya hatimaye iliichagua Supa Modo ya Likarion Wainaina, kisa cha msichana mgonjwa mwenye ndoto ya kuwa shujaa, nayo ni filamu ya kuheshimika. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa Rafiki. La msingi ni kwamba kwa wiki moja aliweza kufanya hivyo akiwa ameiona. Huku kwetu kikwazo cha kawaida zaidi ni umbali: filamu nyingi zilizoteuliwa hazifiki kwenye kumbi zetu, au hufika wakati tuzo zimeshagawiwa. Hata Marekani kwenyewe kwa muda mrefu ilitosha filamu kuonyeshwa wiki moja katika mji mkubwa. Kuanzia filamu za 2024, inayotaka Filamu Bora lazima iende pia kwenye masoko 10 kati ya 50 makubwa ya nchi hiyo. Ni hatua nzuri, na sababu yake ndiyo ninayoitetea: filamu isiyoonekana na watu haiwezi kujulikana ina thamani gani kwao.

Basi nini kifanyike? Waandaaji wa tuzo, za huko na za kwetu, wasituombe kura za simu na mitandao zinazompa ushindi mwenye vifurushi vingi, kisha waseme umma umeamua. Wakitaka sauti ya umma waichukue mlangoni, kwa walioona, na waitaje wazi kuwa ni ya umma, kama tuzo za watazamaji za Africa Magic zinavyotenga makundi ya kura za watazamaji na yale ya majaji. Kamati zinazochagua filamu za nchi zifanye maonyesho mikoani kabla ya kuamua, na zisikilize. Na mtazamaji naye ana wajibu, kwa sababu shahidi asiyeona ni mzushi, na anayesema ni mbaya bila kueleza ubaya ulipo hajasaidia mtu. Aitazame filamu yote. Aseme ni tukio gani, ni neno gani, ni uso gani uliomfanya aamini au akatae. Akiwa na ujuzi wa mahali au wa kazi inayoonyeshwa, autoe. Filamu zinazoshinda Oscar huenda kufundishwa vyuoni, huigwa, na huwa ndiyo sura ya nchi machoni pa mamilioni wasiowahi kufika huko. Maamuzi yenye matokeo mazito namna hiyo hayapaswi kuachiwa watu 10,000 peke yao, hata wakiwa mabingwa, wakati wenye kujua wameketi kwenye viti vya ukumbi wakisubiri kuulizwa.